Saa Nne Hadi Saa Nane: Wito Unapochokea Katikati ya Kazi

Msomaji wa Kiswahili ana bahati moja anapofungua Matendo ya Mitume: saa za mle ndani ni saa zake. Siku ya Pentekoste Petro aliwaambia watu kwamba hawa hawajalewa, kwa kuwa ilikuwa saa tatu tu. Baadaye alipanda darini kusali yapata saa sita, njaa ikamshika huko huko. Yeye na Yohana waliingia hekaluni saa tisa, saa ya kusali. Mzungu akisoma hayo inabidi aongeze sita ndipo aelewe. Sisi tunaangalia jua.

Ndiyo maana Evagrius, mtawa wa jangwa la Misri aliyefariki mwaka 399, anaeleweka kwetu bila mkalimani. Aliandika kwamba katika mashambulizi yote yanayompata mtu aliyejitoa kwa Mungu, zito kuliko yote, yaani uchovu wa moyo, huja kati ya saa nne na saa nane. Watawa wenzake walilihusisha na Zaburi ya 91, ile inayotaja uele, yaani maradhi, uharibuo adhuhuri. Katika tafsiri ya Kigiriki waliyoisoma, anayetajwa pale ni pepo wa mchana.

Dalili alizoorodhesha ni za mtu ambaye kila mmoja wetu anamjua. Jua halisogei, na siku inakuwa kama ya saa hamsini. Anatazama dirishani kila mara. Anatoka nje kupima saa tisa, saa ya kula, iko mbali kiasi gani, anaangaza huku na huku kama kuna ndugu anakuja kumtembelea. Kisha anapachukia mahali alipo, na kazi ya mikono anaichukia vilevile. Anaona upendo umekwisha miongoni mwa ndugu, na kama kuna aliyemkwaza majuzi, sura yake inamjia. Mwisho linaingia wazo tamu: kuna mahali pengine ambako mahitaji hupatikana kwa urahisi na kazi si ngumu hivi, tena kumpendeza Mungu hakufungwi na mahali. Ondoa dirisha, weka kioo cha simu. Ondoa ndugu mgeni, weka ujumbe mpya. Hayo mengine yaache kama yalivyo.

Makanisa yetu huwaandaa watu kwa alfajiri na kwa usiku. Alfajiri ni ubatizo, kipaimara, kuwekewa mikono, mkutano wa injili wa siku saba, mtu analia mbele ya madhabahu na kuahidi kila kitu. Usiku ni mateso: tunasimulia mashahidi waliochomwa moto Namugongo, Uganda, tarehe 3 Juni 1886, tunasimulia Askofu Mkuu Janani Luwum aliyeuawa Uganda mwezi Februari 1977. Ni haki kuwakumbuka. Lakini katekista wa kigango, mwinjilisti wa mtaa, mwalimu wa watoto wa Jumapili au nesi anayeiona wodi yake kuwa ndiyo shamba alilopewa, wengi wao hawataulizwa kamwe kama wako tayari kuchomwa moto. Wataulizwa kama wako tayari kwa Jumanne nyingine, saa tano asubuhi, mwaka wa tisa. Mtihani huo hauna kwaya nyuma yake.

Nasema nesi makusudi. Paulo aliwaambia Wakorintho kila mtu akae katika wito alioitiwa, na baadhi ya waliomsikia walikuwa watumwa. Martin Luther naye alisisitiza kwamba fundi viatu na baba anayefua nepi wana wito sawasawa na padri. Kwa hiyo kinachofuata hakiwahusu wenye kola peke yao.

Kitabu kinachoufundisha mchana huu vizuri kuliko vingine ni Nehemia, hasa sura ya 4 hadi ya 6. Watu hukisoma kama kitabu cha uongozi, wakakimbilia mwisho: ukuta wa Yerusalemu ulikwisha kwa siku 52. Angalia badala yake mahali watu walipochokea. Sura ya 4 inasema ukuta uliunganishwa hadi nusu ya kimo chake, maana watu walikuwa na moyo wa kufanya kazi. Mistari minne tu baadaye Yuda wanalia: wachukuzi wamedhoofika, kifusi ni kingi, hatuwezi kuujenga ukuta.

Fundi muashi anaijua nusu ya kimo. Kozi za chini anazipanga akiwa amesimama ardhini, tofali liko karibu na mkono, saidia fundi anasukuma toroli tu. Ukuta ukimfika kifuani mambo yanageuka: lazima jukwaa lifungwe, zege la juu linapandishwa kwa ndoo, tofali lililokuwa linaokotwa sasa linarushwa na kudakwa. Kazi ile ile, kwa nguvu ile ile, inatoa kozi chache zaidi kwa siku. Asiyejua hili atadhani mafundi wamekuwa wavivu. Na chini kuna kifusi cha kozi zote zilizopita, ambacho hakuna aliyekizoa kwa sababu wakati ule kila mtu alikuwa na haraka ya kuona ukuta ukipanda.

Mwinjilisti hufika kifuani mwaka wa tatu au wa nne. Mahubiri aliyotoka nayo chuoni yamekwisha. Nyumba alizozitembelea kwa furaha ya ugeni sasa anazijua, pamoja na ugomvi wake. Kifusi ni kesi za ndoa zilizoachwa nusu, ahadi za kutembelea ambazo hazikutimizwa, daftari la washarika ambalo halijasahihishwa tangu alipolipokea. Kuhimizwa aongeze bidii hapo ni kumwambia fundi aruke. Anahitaji jukwaa.

Jukwaa la kwanza ni usingizi na chakula, na hapo mwalimu ni nabii Eliya. Katika Wafalme wa Kwanza sura ya 19 yuko chini ya mretemu, anaomba afe. Malaika hamkemei wala hamhubirii. Anamletea mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, anamwacha alale tena, anamwamsha ale mara ya pili, kwa sababu safari ni kubwa. Sauti ya Mungu, ile ndogo ya utulivu, ilikuja baada ya milo miwili, usingizi wa mara mbili na mwendo wa siku arobaini. Tunaihubiri ile sauti, mkate tunauruka.

Jumapili si siku ya mapumziko kwa anayehudumu Jumapili. Jumamosi ana darasa la kipaimara asubuhi na kwaya jioni. Jumapili ana ibada mbili, kikao cha wazee na mgonjwa wa kutembelewa. Siku yake ni Jumatatu, na inaharibika kwa sababu ile ile kila mara: anapumzikia nyumbani. Nyumba ya mtumishi haina mlango wa kufunga, hodi ya kwanza inapigwa saa mbili. Kinachofaa ni kutoka, hata kama ni kwenda shambani au kwa ndugu wa kata ya pili, na kumwachia mzee wa zamu namba ya simu. Msiba hauchagui siku, hilo linajulikana. Ukiangukia Jumatatu, mapumziko yahamie Jumatano ya wiki hiyo hiyo, na yaandikwe, kwa kuwa yakiachwa yahamie "wiki ijayo" hayatarudi.

Jukwaa la pili ni kusoma. Biblia ina sura 1,189. Ukisoma sura tatu siku za kazi na Jumamosi, kisha tano Jumapili, ni sura 23 kwa wiki, na wiki 52 zinatoa 1,196. Hesabu hiyo haina tatizo. Watu hukwama karibu na tarehe 23 Januari, ambapo Kutoka sura ya 25 inaanza habari za hema: dhiraa, kulabu, vitanzi, mapazia. Wiki hiyo unakosa siku mbili, unarudi ukiwa na deni la sura sita, siku inayofuata tisa, kisha unafunga kitabu hadi Januari nyingine. Kosa liko kwenye kulipa deni. Siku iliyopita imepita. Soma sura za leo, ukiacha pengo liwe pengo. Mwaka ukiisha utakuwa umesoma sehemu kubwa ya Biblia na umevuka Walawi, na mapengo utayakuta mwaka ujao. Anayeona hata tatu ni nyingi ashike Zaburi: 150, tano kwa siku, mwezi mmoja unazimaliza. Watawa wengi walikuwa na mpango mgumu zaidi ya huo.

Kwa mhubiri, maandalizi nayo yapewe siku zake. Jumanne asome fungu kwa sauti mara tatu, bila kalamu. Jumatano aandike maswali ambayo msikilizaji wa benchi la nyuma angeuliza. Alhamisi aandike mahubiri yenyewe, na Ijumaa akate theluthi. Jumamosi asiguse, asome tu. Anayeanza Jumamosi usiku hutegemea sauti, na sauti ina mwisho wake.

Baada ya uchovu, Nehemia sura ya 5 inaleta deni. Inashangaza kwamba iko pale, katikati ya ujenzi, kana kwamba mwandishi amesahau ukuta. Wajenzi wameweka rehani mashamba na nyumba wapate nafaka, wamekopa walipe kodi ya mfalme, wanawatia binti zao utumwani, na wanaowakopesha ni ndugu zao. Riba iliyomkasirisha Nehemia imetajwa: sehemu ya mia. Wafasiri wengi huisoma kuwa ya kila mwezi, yaani asilimia 1 kwa mwezi, 12 kwa mwaka.

Sasa tupige hesabu ya mikopo ya mtaani ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Tuseme mtu amechukua shilingi 100,000 arudishe 130,000 baada ya mwezi. Akishindwa, na deni likasogezwa kwa masharti yale yale, mwezi wa pili ni 169,000, wa tatu 219,700, wa nne 285,610. Nehemia aliitisha kusanyiko kubwa kwa sababu ya asilimia 1.

Deni linaua wito kwa njia ya kimyakimya. Mtumishi mwenye deni kwa mshirika hawezi kumwonya mshirika huyo. Hawezi kwenda kumtembelea mgonjwa katika nyumba iliyo njia moja na duka la anayemdai. Ataanza kuhesabu ni msiba gani una bahasha. Watu watasema amepoa kiroho, wakati anachokwepa ni mtaa mmoja tu. Hatua za kutoka hapo si ngumu kuzieleza. Andika madeni yote kwenye karatasi moja: jina, kiasi, riba, tarehe. Mwonyeshe mwenzi wako wa ndoa karatasi hiyo kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu deni lililofichwa nyumbani ndilo huzaa la pili. Lipa kwanza lenye riba kali, si la anayepiga kelele zaidi. Kwa mahitaji yajayo ingia kwenye kikundi cha kuweka na kukopa ambacho unawajua wanachama wake, ununue hisa kila wiki hata kama ni moja. Vikundi vingi hukopesha hadi mara tatu ya hisa zako, na riba inarudi kwenu wenyewe siku ya mgao. Usikopee sherehe. Na usimdhamini mtu kwa sababu tu ameomba mbele ya watu.

Kuhusu kazi ya pembeni, Paulo alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila, na hakuna haja ya mtumishi kuona aibu akishika jembe. Ila mahema yana sifa moja ambayo wengi hawaioni: unaweza kuyaweka chini. Sindano inachomekwa kwenye turubai, unakwenda sinagogi, unarudi unaikuta. Cherehani ni hivyo, useremala ni hivyo, mihogo ni hivyo. Bodaboda sivyo, uwakala wa pesa sivyo, maana mteja akikukosa mara mbili amehama. Kuku wa nyama nao, wakifika wiki ya sita hawangojei Pasaka ipite. Kila siku wanayobaki bandani wanakula faida. Kazi ya pembeni ichaguliwe kwa swali moja: ukiitwa na msiba saa nne asubuhi, itaachika?

Sura ya 6 ni ujumbe. Sanbalati, Tobia na Geshemu, maadui wa ujenzi, wanaona ukuta umekwisha isipokuwa milango, wanatuma: njoo tuonane katika kimojawapo cha vijiji vya bonde la Ono. Ono iko mbali na Yerusalemu, kama kilomita 40, kwa hiyo kwenda, kukaa na kurudi ni siku tatu kati ya zile 52. Hawakumwita dansini wala baa. Walimwita kikaoni. Walituma mara nne, naye akajibu mara nne jibu lile lile: anafanya kazi kubwa, hawezi kushuka, kwa nini kazi isimame. Mara ya tano walileta barua iliyo wazi, ili kila aliyeibeba asome uvumi ulioandikwa ndani. Mtu yeyote aliyewahi kuona habari yake ikisambazwa kwenye grupu anajua barua iliyo wazi ni nini.

Jambo la kujifunza kwake ni ufupi na urudiaji. Hakutunga sababu mpya kila mara. Sisi tukiitwa kwenye kamati ya tatu ya harusi mwaka huu, tunatoa visingizio vipya, kila kisingizio kinazaa majadiliano, na mwishowe tunakuwa waweka hazina. Kamati ya harusi hukutana kila wiki kwa miezi. Ni jambo jema, na kwa mtu fulani ndilo alilopewa. Mitume wa Yerusalemu katika Matendo sura ya 6 hawakusema kugawa chakula kwa wajane ni kazi duni; walichagua watu saba wenye sifa njema waifanye, nao wakabaki na neno na maombi.

Simu inahitaji utaratibu wake, na nitautaja kwa kirefu kwa kuwa ndipo saa nyingi zinapovujia. Kaa chini, hesabu magrupu yote uliyomo. Yagawe mafungu matatu: yale ambayo wewe unawajibika kujibu, yale unayohitaji taarifa zake tu, na yale uliyoingizwa bila kuulizwa. Fungu la tatu toka, kwa sentensi moja ya heshima. Fungu la pili zima sauti, soma mara moja kwa siku, tuseme saa kumi. La kwanza jibu katika nafasi mbili, saa saba mchana na saa moja jioni, na uwatangazie wahusika hivyo. Watu watatu, yaani mwenzi wako, mzee wa zamu na katibu, wajue kwamba dharura ni ya kupigiwa simu, si ya kuandikiwa. Usiku simu ilale sebuleni.

Mpango huu huvunjika wiki ya tatu, na sababu yake ni ndogo hata inachekesha: umeme unakatika, simu ndiyo tochi, inarudi chini ya mto, na kesho yake macho yakifunguka tu mkono umeshaifikia. Nunua tochi. Saa ya kuamshia nayo iwe saa, au jogoo. Na Zaburi isomwe kwenye Biblia ya karatasi, maana anayefungua Zaburi kwenye simu hukutana kwanza na michango ya msiba, halafu na salamu, halafu na video, na bando linakwisha kabla ya mstari wa nne.

Kuna ujumbe wa sita katika sura hiyo ambao haupewi uzito unaostahili. Shemaya, mtu wa unabii, anamwambia Nehemia waingie ndani ya hekalu wajifungie, kwa kuwa wanakuja kumwua usiku. Nehemia akatambua kwamba Mungu hakumtuma. Tobia na Sanbalati wamemwajiri. Yaani lililoshindikana kwa kikao, kwa uvumi na kwa vitisho lilijaribiwa kwa njia ya ibada. Mijini kwetu mtu anaweza kukesha usiku mara tatu kwa wiki, akasinzia kwenye kaunta ya duka la dawa mchana, akampa mgonjwa dozi ya mwingine. Sipingi makesha. Lakini unabii unaokuondoa kwenye kazi uliyopewa uangaliwe nani ameulipia.

Sasa ile saa sita yenyewe. Wengi wana maombi ya asubuhi, na wengi wana ya usiku hata kama ni ya kusinzia. Katikati hakuna kitu, wakati mtunga Zaburi ya 55 anataja jioni, asubuhi na adhuhuri, na Danieli alipiga magoti mara tatu kwa siku. Parokia za Kikatoliki zina kengele ya Malaika wa Bwana saa sita, na ni urithi ambao hata asiye Mkatoliki anaweza kuuazima. Dakika saba zinatosha. Simama, toka mahali ulipokuwa umekaa. Soma aya moja fupi, ile ile kwa wiki nzima. Taja kwa majina watu watatu uliokutana nao asubuhi. Sema kwa sauti kazi utakayoifanya hadi saa tisa, moja tu. Rudi uifanye. Katika simulizi za watawa wa jangwani, mtawa Antoni alipolemewa na uchovu huu alimwona mtu kama yeye ameketi anasuka kamba, anainuka kuomba, anaketi kusuka tena, na akaambiwa afanye vivyo hivyo. Aliyewahi kusuka ukili anaelewa: mkono unaendelea na mtindo ule ule, mkeka hauonekani bado, kuna utepe tu unaorefuka na kuviringwa.

Je, kila anayetaka kuhama ni mtoro? Hapana, na hapa wahubiri wa uvumilivu hukosea. Mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alifika Mombasa mwaka 1846 akakaa Rabai hadi 1875. Alizika mke na mtoto huku huku pwani. Aliona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, na wasomi wa London wakamcheka. Aliketi na mtumwa aliyetoka upande wa ziwa Nyasa akiandika maneno ya Kinyanja, neno kwa neno, kamusi ambayo ilichapwa baada ya kifo chake. Aliondoka akiwa kipofu, na Wakristo wa Rabai walikuwa bado wachache. Mwenzake Krapf, aliyezika mke na mtoto Mombasa mwezi Julai 1844, aliondoka mwaka 1853 kwa ugonjwa, akaendelea na kamusi ya Kiswahili akiwa Ujerumani hadi alipofariki 1881. Mmoja alibaki, mmoja aliondoka, na siwezi kusema nani hakuwa mwaminifu. Apolo Kivebulaya, Mganda, alivuka mwaka 1896 kwenda Boga, ambayo sasa iko Kongo, akapigwa na kufungwa, akahudumu Toro miaka kadhaa, akarudi Boga na kufia huko 1933. Aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu ambao alikuwa hajaumaliza.

Kupima kama ni uchovu wa saa sita au ni kutumwa kweli kunahitaji siku. Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, alifundisha kwamba wakati wa ukiwa wa moyo usibadilishe uamuzi uliofanya wakati wa utulivu. Kwa vitendo: andika sababu ya kuondoka kwa sentensi moja, weka tarehe, ifunge kwenye bahasha. Usiutangazie mtaa. Kwa siku 90 rekebisha usingizi, deni na simu, katika mpangilio huo. Kisha fungua bahasha mbele ya watu wawili: mmoja ambaye angefaidika ukibaki, na mwingine ambaye hana faida yoyote. Ikiwa sentensi bado ni kweli, na unakokwenda kuna jina na kuna kazi, nenda ukiwa umekabidhi madaftari. Ikiwa sentensi yote inahusu unakotoka, subiri. Isipokuwa kama mahali pale unapigwa, unanyanyaswa au unaugua. Hapo bahasha haina kazi, ondoka leo.

Limebaki jambo moja, na ni la wazee wa kanisa. Nehemia alihudumu miaka kumi na miwili bila kula chakula cha liwali, na mstari huo hupendwa sana na wanaotaka kuwanyamazisha wainjilisti wanaoulizia posho. Wasome mistari inayofuata: mezani pake kila siku walikula watu 150, akachinjiwa ng'ombe mmoja na kondoo sita wazuri. Alikuwa na uwezo wa kukataa. Walawi, watumishi wa hekalu, hawakuwa nao. Sura ya 13 inasema Nehemia aliporudi kutoka kwa mfalme aligundua kwamba Walawi na waimbaji hawakupewa sehemu zao, na kila mmoja alikuwa amekimbilia shambani kwake. Hakuwahubiria Walawi juu ya kuvumilia katika wito. Aligombana na mashehe, yaani wakuu wa watu, akauliza kwa nini nyumba ya Mungu imeachwa, akawarudisha Walawi mahali pao, na Yuda wote wakaleta zaka ghalani. Halafu akateua watunza hazina kwa majina: Shelemia kuhani, Sadoki mwandishi na Pedaya wa Walawi, na wa kuwasaidia Hanani mwana wa Zakuri, kwa kuwa walihesabiwa kuwa waaminifu. Kazi yao ilikuwa kuwagawia ndugu zao.

Kwa hiyo ajenda ya kikao kijacho cha wazee inaweza kuwa na maswali manne: posho ya mwinjilisti ni kiasi gani kwa mwezi, inatoka tarehe ngapi, nani anaisaini, na mwezi uliopita ilitoka?